Mwanangu ana miaka 14 na nusu, lakini picha inasema mifupa yake ni ya miaka 12

BARUA

Assalaam alaykum, Daktari.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkaazi wa Wete, Pemba. Limenifika jambo linalonikosesha usingizi, nami ninaomba unisaidie kulifahamu.

Mwanangu wa kiume ana miaka 14 na nusu. Anakula, anacheza mpira, na skuli hajambo, ila ni mdogo wa umbo kuliko wenziwe wote wa darasani. Sauti yake haijabadilika, hana hata alama ya masharubu, na ukimweka pamoja na wavulana wa rika lake utadhani ni mdogo wao wa miaka miwili au mitatu. Zaidi ya hayo, mdogo wake wa kike mwenye miaka 12, ambaye amevunja ungo hivi karibuni, amekwishampita kwa kimo. Wageni wakija nyumbani huuliza nani mkubwa baina yao, nami humwona mwanangu anavyoinamisha uso. Siku hizi hataki kwenda kuoga pwani na wenziwe, wala kubadilisha nguo mbele yao baada ya mpira.

Tulimpeleka hospitali, akapimwa na kuonekana ana sentimita 146. Mwaka jana wakati kama huu alikuwa na sentimita 141. Baba yake ana sentimita 168 na mimi nina 156. Akapigwa eksirei ya kiganja cha mkono wa kushoto, tukaambiwa kwamba mifupa yake ni ya mtoto wa miaka 12 na kwamba turudi baada ya miezi sita. Foleni ilikuwa ndefu, na tulitoka bila ya kufahamu maana ya maneno hayo.

Tangu siku ile kila mtu ana lake. Shangazi yake anasema mifupa imedumaa na hayo ni maradhi. Jirani anasema labda tumekosea tarehe ya kuzaliwa, ilhali cheti ninacho na siku niliyomzaa siisahau. Kiongozi wa timu yake anasema picha ile ni ushahidi tosha wa kumsajili katika mashindano ya watoto wa chini ya miaka 13. Ami yake aliyeko Uarabuni ameahidi kumletea vidonge na sindano za kurefusha na kukomaza mwili. Bibi yake mzaa baba, yeye anasema tumwache tu, kwani baba yake naye alimaliza skuli hana ndevu, na akaendelea kurefuka hata baada ya kuanza kazi.

Lipo na suala la dini. Kwa hesabu ya miezi ya mwandamo anakaribia kutimiza miaka 15, na mwalimu wake wa chuoni amemwambia kuwa atahesabiwa mtu mzima. Je, mtoto ambaye mifupa yake ni ya miaka 12 huhesabiwa vipi? Na je, kufunga Ramadhani nzima hakutamdumaza zaidi?

Mama wa Wete

JIBU

Waalaykum salaam, mama. Nianze na lile lisiloweza kungoja: mwambieni ami yake asilete vidonge wala sindano, na kama vimekwishafika, mtoto asipewe hata kidogo. Najua anampenda mtoto wa nduguye na anataka kumwondolea unyonge, lakini dawa za aina hiyo zinaweza kumnyang'anya mwanao kile kile ambacho picha ya kiganja imeonyesha kuwa bado anacho. Ili hilo lieleweke, inabidi nieleze kwanza jinsi mifupa inavyorefuka na jinsi baleghe inavyoisimamia kazi hiyo.

Mfupa haurefuki katikati, kwenye sehemu iliyokwisha kuwa ngumu. Karibu na ncha za mifupa mirefu, ya paja, ya muundi, ya mkono, hata ya vidole, mtoto huwa na tabaka jembamba la gegedu, ambalo ni kitu laini cha jamii ya kile kilichomo ndani ya sikio. Seli za tabaka hilo hugawanyika na kujipanga, zile kongwe hugeuka kuwa mfupa, na kwa njia hiyo urefu huongezeka kutoka nchani. Maadamu gegedu ipo, mtoto anarefuka. Siku itakapokwisha, ncha ikaungana na mfupa wenyewe, kurefuka kumekwisha, na hakuna dawa, chakula wala mazoezi yatakayoufungua tena mlango huo. Katika eksirei gegedu huonekana kama ufa mweusi, kwa sababu haina madini ya kuzuia mionzi, na wazazi wengi wakiuona ufa huo hudhani mtoto amevunjika, kumbe ndio dalili kwamba safari yake haijamalizika.

Homoni za baleghe hufanya mambo mawili juu ya gegedu hiyo, na la pili huwashangaza watu. Kwanza, zikisaidiana na homoni ya ukuaji, huiendesha mbio, na ndiyo maana kijana hurefuka ghafla hata suruali ya Idi iliyopita ikawa haimfai. Pili, huizeesha na hatimaye kuifunga. Inayofunga ni estrojeni, ile inayojulikana kama homoni ya kike, na hili ni kwa wasichana na wavulana pia, kwa kuwa mwili wa mvulana hugeuza sehemu ya testosteroni yake, yaani homoni ya kiume, kuwa estrojeni. Jambo hilo lilidhihirika mwaka 1994, madaktari wa Marekani walipoeleza habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake, kwa hitilafu ya kurithi, haukuweza kuitikia estrojeni. Testosteroni alikuwa nayo na alikuwa mwanamume kamili wa umbo, lakini alikuwa na sentimita 204 na bado alikuwa akirefuka, na mifupa yake ilisomeka kama ya kijana wa miaka 15. Kwa hiyo baleghe ndiyo inayompa mtoto kimo kwa haraka, na hiyo hiyo ndiyo inayomwekea mwisho.

Hapo utafahamu kwa nini binti yako amempita kaka yake, na kwa nini hali hiyo haitadumu. Wasichana kwa kawaida huanza dalili za baleghe kati ya miaka 8 na 13, na wavulana kati ya miaka 9 na 14. Kasi kubwa ya kurefuka humjia msichana akiwa na takriban miaka 12, na huwa imekwishapita anapovunja ungo; baada ya hapo wengi huongeza sentimita 5 hadi 7 tu, kwa mwendo unaopungua. Mvulana hufikia kasi hiyo akiwa na takriban miaka 14, naye anaweza kuongeza sentimita 9 au zaidi katika mwaka mmoja. Ile miaka miwili ya ziada anayoendelea kurefuka kwa mwendo wa utotoni kabla ya mbio kuanza, pamoja na ukali wa mbio zenyewe, ndiyo inayowafanya wanaume wazima wawazidi wanawake kwa wastani wa sentimita 13 hivi. Binti yako yuko karibu na mwisho wa njia yake, na kaka yake hajaingia sehemu yenye mbio.

Sasa nije kwenye picha. Kiganja na kifundo cha mkono hupigwa kwa sababu katika eneo dogo mna mifupa mingi, na kila mmoja hukomaa kwa zamu inayojulikana. Mtoto mchanga karibu hana hata mmoja wa ile mifupa midogo 8 ya kifundo inayoonekana kwenye eksirei. Hujitokeza mmoja baada ya mmoja utotoni. Karibu na mwanzo wa mbio za baleghe huchomoza kifupa kidogo kama punje kwenye shina la kidole gumba. Ncha za mwisho za vidole huwa za kwanza kufunga, na ncha ya mfupa wa kigasha, yaani wa mkono baina ya kiwiko na kifundo, upande wa kifundo huwa ya mwisho, katika miaka 17 hadi 19. Daktari huilinganisha picha ya mtoto na picha za kitabu cha vielelezo, na kinachotumika zaidi ni kile cha Greulich na Pyle kilichotoka mwaka 1950 na kurudiwa mwaka 1959. Watoto waliopigwa picha za kitabu hicho walikuwa wa Cleveland, Marekani, wengi wao wa familia zenye nafasi, na picha zilipigwa kabla hata bibi wa mtoto huyu hajawa mzee. Nalitaja hili kwa sababu tunapompima mtoto wa Pemba kwa kielelezo hicho tunapaswa kujua kwamba jibu ni la makadirio. Hata miongoni mwa watoto wazima wa afya, umri wa mifupa unaweza kutangulia au kuchelewa kwa takriban miaka miwili bila ya maradhi yoyote.

Kwa hiyo maneno "mifupa ya miaka 12" hayana maana kwamba mifupa ni dhaifu, wala kwamba cheti cha kuzaliwa kina kosa, wala kwamba ukuaji umesimama. Maana yake ni kwamba katika safari ya kukomaa, mwanao amefika pale ambapo wavulana wengi hufika wakiwa na miaka 12. Ukimlinganisha na wenziwe wa miaka 14 na nusu, ambao wastani wao katika chati za Shirika la Afya Duniani ni takriban sentimita 166, utaona amebaki nyuma sana. Ukimlinganisha na wavulana wa miaka 12, ambao wastani wao ni sentimita 149, utaona hizo 146 zake hazina ajabu yoyote. Tena ameongeza sentimita 5 kwa mwaka, ambao ndio mwendo wa kawaida wa mtoto ambaye mbio za baleghe hazijaanza. Kimo cha wazazi nacho kina neno: tukijumlisha urefu wenu wawili, tukaongeza 13 kwa kuwa ni mvulana, kisha tukagawa kwa mbili, tunapata sentimita 168 na nusu, na matarajio ni kwamba ataangukia karibu na hapo, pungufu au zaidi ya sentimita 8 hivi. Ukiongeza na habari ya baba yake, ambayo bibi aliisema vizuri kuliko wote mliowasikiliza, sura inayojitokeza ni ya mtoto aliyerithi kuchelewa. Hali hiyo ni ya kawaida sana kwa wavulana wanaoletwa kwa madaktari kwa ajili ya ufupi na baleghe ya kuchelewa, na wengi wao humaliza wakiwa na kimo kinacholingana na cha familia zao.

Lakini sitaki umwache tu, na hapo natofautiana kidogo na bibi. Mimi sikumwona mtoto, na kuchelewa kwa kurithi ni jina tunalolitoa baada ya kuondosha mengine. Mifupa inaweza kuchelewa pia kwa sababu ya upungufu wa damu wa muda mrefu, lishe duni, selimundu, maradhi ya matumbo, ya figo, au upungufu wa homoni ya tezi ya thairoidi. Kwetu Pemba minyoo ya safura na kichocho vimewanyonya damu watoto wa skuli kwa miaka mingi, na mtoto anaweza kuonekana mzima huku damu yake iko chini. Ninapenda apimwe wingi wa damu, choo na mkojo, selimundu kama hajawahi kupimwa, na homoni za thairoidi pale zinapopimwa.

Pia daktari amkague maumbile, kwa faragha na kwa ridhaa yake, ikiwezekana daktari mwanamume, huku baba yake akiwapo. Msione haya katika hili. Watu hungojea sauti na masharubu, ilhali hizo ni dalili za baadaye. Dalili ya kwanza ya baleghe kwa mvulana ni kukua kwa korodani, nazo hupimwa kwa kuzilinganisha na shanga za ukubwa mbalimbali zilizotungwa uzini. Zikifikia ujazo wa mililita 4, baleghe imeanza, hata kama hakuna mtu nyumbani anayejua. Kwa mifupa iliyofika miaka 12, sitashangaa kabisa mwanao akikutwa amekwishaanza, na kama ni hivyo, mbio zenyewe zitafuata, kwani kwa wavulana hazitangulii bali huja baleghe ikiwa katikati.

Nirudi kwenye dawa za ami. Vitu vinavyouzwa kwa jina la kurefusha na kukomaza mwili mara nyingi haijulikani vina nini, na vingine vimetiwa testosteroni au jamaa zake. Kijana akivitumia ataonekana amefaulu: atarefuka upesi, misuli itajaa, sauti itazama. Wakati huo huo umri wa mifupa utakimbia mbele kuliko urefu, gegedu itafunga mapema, na yule aliyekuwa afikie sentimita 168 anaweza kukwama chini ya hapo maisha yake yote. Ndilo jambo tunaloliona kwa watoto wanaobaleghe mapema mno, wasichana kabla ya miaka 8 na wavulana kabla ya miaka 9: huwa warefu kuliko wenziwao darasani, kisha huishia kuwa watu wazima wafupi. Ni kweli kwamba madaktari wenyewe wakati mwingine humpa mvulana aliyechelewa testosteroni kwa kipimo kidogo na kwa miezi michache, hasa pale kuchelewa kunapomuumiza moyo, na ikitumika hivyo haimpunguzii kimo. Ila hufanywa baada ya uchunguzi, kwa kupima urefu na mifupa njiani. Iwapo mwanao anaumia kiasi hicho, daktari wa watoto ndiye wa kuzungumza naye habari hiyo, na mkihitaji rufaa ya Unguja, iombeni.

Kuhusu mpira, nakuomba usikubali. Umri wa mashindano ni umri wa kuzaliwa, na picha ya kiganja haiwezi kuubadilisha. FIFA ilianza kupima vifundo vya mikono kwa MRI, yaani mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu za sumaku, katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 nchini Nigeria mwaka 2009, lakini kipimo kile hutafuta kitu kimoja, mfupa wa kigasha uliokwisha kufunga kabisa, ili kumwondoa aliyezidi umri. Hakitumiki kumthibitisha mkubwa kuwa mdogo. Mwanao ana miaka 14 na nusu, na kumwandika vinginevyo ni kumfundisha uongo na kumpokonya nafasi mtoto wa miaka 12 wa kweli. Acheze na wa rika lake, na mwalimu wa timu aelezwe kwamba umbo lake liko njiani, asije akamwacha nje kwa wepesi wa mwili.

Suala la dini waulizeni masheikh, nami nitataja tu ninalolijua. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu visiwani, anayetimiza miaka 15 ya mwandamo huhesabiwa amebaleghe hata kama dalili za mwili hazijaonekana, na eksirei haina nafasi katika hukumu hiyo. Kufunga sikuoni kuwa ni tatizo kwa kijana mwenye afya ambaye futari na daku yake vina chakula cha maana. Kama damu yake itakutwa ni ndogo, hapo mpate ushauri wa daktari na wa sheikh kwa pamoja.

Lipo jambo hukuliuliza ambalo nalifikiria zaidi kwa miaka yake miwili mitatu ijayo. Mbio za kurefuka zitakapoanza, mifupa yake itatangulia kurefuka, na madini ya kuiimarisha yatafuata baada ya miezi kadhaa. Katika kipindi hicho mifupa huwa myepesi kuvunjika, hasa ya kigasha, na wavulana wengi huvunjika mkono katika umri huo. Msimu wa karafuu ukija, tafadhali asipandishwe juu ya mikarafuu kwa sababu tu amekuwa mrefu na anaonekana mwanamume. Kipindi hicho hicho ndicho mifupa inapojiwekea akiba kubwa: takriban robo ya madini ya mifupa ya utu uzima huwekwa katika miaka miwili tu ya mbio hizo. Anahitaji miligramu 1,300 hivi za kalsiamu kwa siku, na glasi moja ya maziwa ina takriban 300. Kama maziwa ni ghali, dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni chakula bora kabisa, pamoja na mtindi, kunde na mboga za majani. Na jua la kutosha tunalo, acheze nje. Binti yako naye ahesabiwe katika haya, kwani kipindi chake ndicho hiki hiki cha sasa, na kwa desturi zetu maziwa na mayai huwekewa wanaume kwanza.

Tangu sasa mpimeni kila baada ya miezi mitatu, asubuhi, kwa sababu jioni mwili hupungua hadi karibu sentimita 1. Avue viatu, visigino na mgongo viguse ukuta, kitabu kilazwe juu ya kichwa, alama ipigwe kwa kalamu, na tarehe iandikwe kwenye daftari. Miadi yenu ya miezi sita msiikose, na mwende na daftari hilo, picha ya eksirei yenyewe pamoja na cheti cha kuzaliwa. Eksirei nyingine inatosha kupigwa baada ya mwaka mmoja. Msingoje miadi iwapo ataumwa kichwa mara kwa mara au kuona kwa shida, ataharisha kwa muda mrefu, atapungua uzito, atakunywa maji na kukojoa kupita kiasi, au mkigundua kwamba hasikii harufu, kwani upo uchelewaji wa baleghe unaoambatana na hali hiyo. Vilevile kama atakuwa ameongeza chini ya sentimita 2 katika miezi hiyo sita, mwambieni daktari jambo hilo kabla hajauliza.

Kijana mwenyewe aelezwe haya yote, na afaaye kumweleza ni baba yake, kwa kuwa yeye alipita njia hiyo hiyo. Amwambie alikuwa na umri gani sauti ilipovunjika, alijisikiaje mbele ya wenziwe, na alirefuka lini. Majibu ya damu na ya ukaguzi yakishatoka, niandikie tena, utaje wingi wa damu, ujazo aliopimwa na urefu wa siku hiyo, nami nitakueleza kama kuna la kuongeza.